Kijiko Hutazamwa Mgongoni

Ukipewa kijiko cha mapenzi cha Wales, kigeuze kwanza. Upande wa mbele kuna moyo, kuna tundu la ufunguo, pengine mnyororo unaning'inia, na macho huenda huko kwa sababu ndiko yalikoalikwa. Upande wa nyuma hauna pambo lolote. Hapo utaiona shingo, yaani pale mpini unapojikunja kuingia kwenye tumbo la kijiko. Fuata nyuzi za mti kwa kidole. Zikipita shingoni bila kukatwa, zikateremka pamoja na mkunjo hadi ukingoni, umeshika kazi ya mtu anayeujua mti. Zikiwa zimekatwa njiani, kijiko hicho ni cha kutundika ukutani. Siku kitakapoingizwa kwenye sufuria ya mchuzi mzito, kitabaki humo nusu.

Kipimo hicho nilikipata katika bonde la mto Teifi, magharibi mwa Wales, mwishoni mwa Aprili. Tulikuwa tumepanga kibanda cha mbao msituni karibu na kijiji cha Abercych, nia ikiwa ni kutembea, kulala na kutoshika simu. Kijito cha Cych kinaingia Teifi hapo, kikitokea kwenye bonde jembamba lililofunikwa na miti pande zote mbili. Kwa vizazi vingi watu wa sehemu hiyo walijulikana kwa vyombo vya mti: mabakuli, miiko, vijiko, sahani za siagi.

Majira ya kuchipua yana haraka yake msituni. Mialoni huchelewa kutoa majani, na kabla haijafunga paa, jua hufika ardhini kwa wiki chache tu. Kila kinachoota chini kinazijua wiki hizo. Maua ya buluu yenye umbo la kengele hutanda hata ukakosa pa kuweka mguu. Kitunguu saumu cha mwituni hujaa kandokando ya maji, na harufu yake hukufikia kabla hujayaona majani yake. Kufika Juni karamu imekwisha; chini kunabaki kivuli na unyevu.

Majira hayo ya kuchipua ndipo pia anapofika kekeo, yule ndege anayetaga katika viota vya wenzake. Mwaka 2011 wataalamu wa ndege wa Uingereza walianza kuwafunga kekeo vifaa vidogo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakakuta kwamba wakati Ulaya imeganda kwa baridi ndege hao wamo katika misitu ya bonde la Kongo. Kwa hiyo kekeo niliyemsikia juu ya kijito cha Cych asubuhi ile, huenda msomaji wa Kisangani alipitiwa naye kichwani miezi miwili kabla yangu, asimtambue. Huko kwetu hukaa kimya, sauti yake anaipeleka Ulaya. Nakiri nilimwonea kijicho kidogo, maana hakuulizwa viza.

Bonde lenyewe lina cheo katika fasihi ya Kiwelisi. Tawi la kwanza la Mabinogi, hadithi za kale zilizoandikwa katika zama za kati, linaanzia hapo hapo: Pwyll, mtawala wa Dyfed, anawinda Glyn Cuch, anafukuza mbwa wa mtu mwingine waliokwisha kumwangusha paa dume, kumbe mwenye mbwa ni Arawn, mfalme wa Annwfn, nchi ya upande wa pili. Ili kufuta kosa hilo wanabadilishana sura na viti vya enzi kwa mwaka mzima. Ukitembea humo ukungu ukiwa bado haujanyanyuka, huhitaji ushawishi mwingi.

Fundi wa vijiko aliyetukaribisha bondeni humo ana banda lililo wazi upande mmoja, na maranda yamejaa chini hadi vifundoni. Tulidhani atatupa visu. Alitutoa nje, akatuonyesha magogo yaliyolazwa kivulini juu ya nyasi mbichi, akatuuliza lipi tungelichukua. Sote tulichagua lililonyooka na kupendeza. Yeye alivuta tawi nene lililopinda, lililofanana na goti, akasema ndani ya hilo mna kijiko cha mchuzi chenye shingo ambayo haitavunjika, kwa kuwa mti wenyewe umekwisha kuikunja.

Mti walioupenda wachonga vijiko wa Wales tangu zamani ni msikamori. Si ule mkuyu aliopanda Zakayo. Huu ni ndugu wa miti inayogemwa sharubati tamu kule Kanada. Mbao yake ni nyeupe, nyuzi zake zimeshikana, na haina ladha wala harufu ya kupenyeza kwenye chakula. Ndiyo sababu vyombo vya maziwa, siagi na jibini vilichongwa kwa mti huo: mwaloni ungetia ukakasi, msonobari ungetia harufu ya utomvu. Na mti huo wenyewe ni mgeni. Wengi wanaamini uliletwa Uingereza kutoka bara la Ulaya karne kadhaa zilizopita, na mpaka leo wahifadhi wengine huung'oa katika misitu ya mialoni kwa sababu kivuli chake kizito hunyima mimea midogo jua. Hivyo alama ya taifa inayouzwa katika kila duka la zawadi mjini Cardiff, kwa sehemu kubwa ya historia yake, imetokana na mti wa kuja. Sioni ubaya.

Msikamori unaotakiwa ubaki mweupe hukatwa majira ya baridi, maji ya mti yakiwa yametulia. Ukikatwa machipuko, wakati gome linabanduka kwa vidole kwa jinsi lilivyolowa, mbao hushika rangi ya kijivu upesi na kuvu huingia. Magogo tuliyoyaona Aprili yalikuwa yameangushwa miezi ya baridi, yakawekwa kivulini yasikauke, kwa maana anayechonga kijiko kwa mkono anataka mti mbichi. Ule mkavu ni mgumu, unachosha kifundo cha mkono na kula makali. Mbichi unakatika kwa kisu bila ubishi, ubishi wake huuleta baadaye, unapokauka.

Kazi ya kwanza ni kupasua. Msumeno hautumiki isipokuwa kupunguza urefu, kwa sababu msumeno hauulizi nyuzi zinaelekea wapi. Kabari huuliza. Inapigwa kwenye kichwa cha gogo, na ufa hufuata nyuzi hata zikipinda, hata zikizunguka fundo. Unachobakiwa nacho ni kipande ambacho nyuzi zake ni nzima toka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo nguvu ya kijiko inapoamuliwa, kabla sura yake haijafikiriwa. Gogo hugawanywa nusu, halafu robo, na kiini hutupwa. Sababu yake fundi alituchorea kwa mkaa kwenye ubao: mti unapokauka hunywea kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea katikati, na kipande chenye kiini ndani hakina njia ya kunywea ila kupasuka.

Halafu shoka. Nilifikiri shoka ni la kazi za rabsha na kisu ndicho cha adabu. Fundi huyu alishika shoka dogo karibu kabisa na chuma, makali yake yamenolewa upande mmoja, kipande kimesimama juu ya kigogo, na akalishusha kwa mapigo mafupi ambayo kila moja lilitoa kibanzi chembamba sawa na kilichotangulia. Kabla ya kufika shingoni alikata mkato wa kuzuia, ili ufa usipenye tumboni. Akageuza, akafanya hivyo hivyo upande wa pili. Alipoliweka shoka chini, kijiko kilikuwa kimeshatokea, kinene na kizito bado, lakini kila mkunjo ukiwa mahali pake. Mtu asiyejua shoka humaliza siku mbili na kisu akitafuta kile ambacho shoka lingempa kabla chai haijapoa.

Kisu kina sheria moja, nayo ni ya mteremko. Ukikata kutoka palipoinuka kwenda palipoinama, kila uzi unakalia uzi ulio chini yake na mkato unatoka laini, unang'aa. Ukikata kupandisha, ncha inaingia kati ya nyuzi na kuzibandua. Kijiko ni milima na mabonde tupu, kwa hiyo mkono hauna budi kugeuza uelekeo kila mara: mpini unakatwa kushuka, mgongo wa tumbo unakatwa kushuka kwa upande mwingine, na pale miteremko miwili inapokutana, chini kabisa, hakuna njia ya haki. Hapo unapunguza presha na kukata mshazari, kidogo kidogo, mpaka nyuzi zikubali.

Kuchimba tumbo ni kazi ya chombo ambacho sijakiona kwingine. Wawelisi hukiita twca cam: kisu chenye ubavu uliokunjwa, juu ya mpini mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa mkononi au begani. Urefu huo ndio siri yake. Kisu cha kawaida cha kuchimba huendeshwa na vidole na kifundo, navyo huchoka. Hiki huendeshwa na mkono mzima na bega, na ncha inazunguka ndani ya tumbo kwa mwendo mdogo sana. Maranda yanatoka yamejikunja, marefu, yamelowa. Fundi hakuangalia sana. Kila baada ya mikato michache aliliminya tumbo kati ya kidole gumba na cha shahada, akihisi unene, kisha akakiinua kijiko kuelekea mlango. Msikamori mbichi ukishakuwa mwembamba hupitisha mwanga kidogo, na mahali palipo na giza ndipo pa kurudi.

Kikishachongwa kinarudishwa kwenye maranda yake au kwenye mfuko wa karatasi, kikauke polepole. Baada ya hapo hukatwa mara ya mwisho, kavu, kwa kisu kilichonolewa upya, halafu hupakwa mafuta ya kitani. Msasa fundi hakuupenda, na mimi sasa niko upande wake. Msasa huacha vinywele ambavyo husimama mara tu kijiko kinapoingia majini, ilhali mkato safi wa kisu umezifunga nyuzi na hauna cha kusimama. Tena alama ndogo za kisu mgongoni hukupa mahali pa kidole kukaa.

Kijiko hicho kilikuwa cha cawl, supu ya Wales: nyama ya kondoo au ya nguruwe, viazi, karoti na liki, iliyochemshwa hadi kila kitu kimejuana, na wengi watakuambia ya jana ni bora kuliko ya leo. Ililiwa katika bakuli la mti kwa kijiko cha mti. Mti haupitishi joto upesi, hivyo unaweza kupeleka mchuzi wa moto mdomoni usiungue kwa chombo. Mabakuli yenyewe yalikerezwa kwa keezo la miguu: mti mwembamba unaonyumbulika umefungwa juu, kamba inashuka na kuzunguka kipande cha kazi hadi kwenye ubao wa kukanyagia. Ukikanyaga, kazi inazunguka kuja kwako na unakata; ukiachia, mti wa juu unaivuta irudi na unasubiri. Nusu ya kazi ni kusubiri. Huko Abercych walikuwapo mafundi walioweza kutoa katika kipande kimoja bakuli ndani ya bakuli, kwa vyuma vilivyopinda, ili mti usipotee bure.

Kijiko hicho cha cawl ndicho mama wa kijiko cha mapenzi. Kijana wa shamba aliyekuwa na kisu cha mfukoni, jioni ndefu za baridi na kipande cha msikamori, alianza kupamba mpini wa kitu alichokwisha kujua kukichonga. Jumba la makumbusho la St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, lililofunguliwa mwaka 1948 na kujaa nyumba, karakana na makanisa yaliyohamishwa jiwe kwa jiwe kutoka kote Wales, linahifadhi kijiko kilichochongwa mwaka 1667. Vijiko kama hivyo vimedumu kwa kuwa havikutumika. Ndugu zao wa jikoni walilika ukingo mmoja, kwa kuwa anayekoroga kwa mkono wa kulia husugua ncha ya kushoto ya kijiko kwenye chungu, hadi vikawa na umbo la mshazari, mwishowe vikatiwa motoni.

Mpini ulipanuliwa ukawa bapa ili kutoa nafasi ya kutoboa nakshi, na vijana wakaanza kushindana. Mashindano hayo yalizaa mambo mawili ambayo nilikaa kuyatazama mpaka wenzangu wakaenda kula: mnyororo, na mipira ndani ya kizimba.

Mnyororo wa mti hauna gundi wala kiungo. Unaanza na mche wenye pande nne. Kila pembe hukatwa kwa urefu mpaka ubaki mti ambao ukiutazama kichwani una umbo la msalaba, mbavu nne. Pete huchorwa kwa zamu: moja kwenye mbavu zilizosimama, inayofuata kwenye zilizolala, na kila moja inaingiliana kidogo na jirani yake. Sehemu za katikati huchimbwa. Hadi hapo ni mti mmoja bado, unaofanana na mnyororo lakini mgumu kama fimbo. Kisha inakuja kazi ya kuachanisha, pale pete mbili zinapogusana ndani, mahali ambapo ncha ya kisu inafika na jicho halifiki. Fundi hukata kwa kusikia. Mkato mmoja huku, anageuza, mmoja kule, na ghafla pete inacheza. Baada ya hapo inaviringishwa polepole kwa kisu, huku ikining'inia kwa wenzake.

Hatari iko kwenye miviringo ya ncha za pete. Ubavuni nyuzi zinakwenda na urefu, kwa hiyo pana nguvu. Kwenye ncha zinakatwa kwa upana, fupi fupi, na hapo pete huweza kuvunjika kwa kubanwa tu na kidole. Nayo ikivunjika pete ya nne, zile tatu za mwanzo nazo zimekwenda, kwa kuwa mti ni mmoja na mwisho wake ni kijiko.

Mipira ya kizimbani inafuata mantiki hiyo hiyo ya kutoa bila kuongeza. Madirisha manne huchongwa kwenye mche, nguzo nne zinabaki pembeni, na bonge lililo katikati linaachanishwa na kuviringishwa humo humo ndani. Mpira lazima uwe mpana kuliko dirisha, la sivyo utatoka. Na lazima uwe mdogo kuliko nafasi, la sivyo hautacheza. Tofauti kati ya hayo mawili ni unene wa ukucha. Ukichongwa mbichi, hunywea kidogo unapokauka na mlio wake hubadilika. Fundi alivitikisa viwili sikioni mwangu, cha wiki ile na cha mwaka jana, nikazisikia sauti mbili.

Maduka ya zawadi huweka karatasi ya maana kando ya kila kijiko: moyo ni mapenzi, gurudumu ni ahadi ya kufanya kazi, nanga ni kutulia, mipira ni idadi ya watoto wanaotarajiwa. Sina ugomvi na maana, ila nyingi zimesomwa juu ya vijiko na vizazi vilivyokuja nyuma, na vijana wale wa zamani hawakuacha ufunguo wa kusomea. Ninavyoona mimi, msichana aliyepokea kijiko cha aina hiyo hakuhitaji kamusi. Aliitikisa mipira, akavuta mnyororo kuona kama unashikana, akageuza. Alikuwa amekula kwa vijiko vya mti maisha yake yote, akajua mara moja saa ngapi zimeingia humo na kama mikono iliyokichonga ina subira au ina papara. Wala kupokea hakukuwa lazima kuwe kukubali. Kijiko kilikuwa cha kuonyesha nia, na mwenye nia angeweza kuwa zaidi ya mmoja.

Siku hizi vingi hukatwa kwa mashine, na wachongaji wengi wa mkono wamehamia kwenye mlinda, mbao laini yenye nyuzi zilizonyooka, kwa sababu haifanyi ukaidi kwenye nakshi ndogo. Fundi wetu hutumia mlinda anapochonga dragoni, basi. Msikamori, alisema, utazidi kupatikana: tangu ugonjwa wa kuvu unaoua miti iitwayo ash kwa Kiingereza ulipogunduliwa Uingereza mwaka 2012, mapengo yanaachwa kwenye mabonde haya, na msikamori ndio unaoyajaza kwa haraka. Anaisikitikia miti ya ash, kwa kuwa mpini wa shoka lake ni wa mti huo na hajapata mbadala.

Siku tuliyoondoka alikuwa na kazi ya harusi ya Agosti, mnyororo wa pete tano, majina ya maarusi yachongwe chini yake. Maarusi walitaka kijiko kitoke kwenye msikamori ulioanguka shambani kwa babake bibi arusi, na kilikuwa kimekwenda vizuri hadi pete ya nne, iliyovunjika jioni iliyotangulia kwenye mviringo wa ncha. Nilitafuta vipande mezani, sikuviona. Kwenye benchi palikuwa na mche mpya wa mti ule ule, pembe mbili zimeshatolewa. Nilimuuliza kile cha kwanza kiko wapi, akaelekeza kisu kwenye jiko lililokuwa likichemsha birika letu la chai. Msikamori ukishakauka, alisema, unawaka vizuri sana.